Bendi Ileile, Siku Tatu Mfululizo: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Mimi ni fundi cherehani, Magomeni. Magomeni ya Bagamoyo, si ya Dar; hilo nalo huulizwa, basi limekwisha jibiwa. Bendi ninayoipenda hupiga hapa mjini mara chache kwa mwaka, na ikija hupiga Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, palepale, kwa kiingilio kilekile. Naenda zote tatu. Wateja wangu hawaliafiki jambo hili. Huniuliza huku nawapima kiuno, nami huwajibu nimebana pini kwa midomo, na majibu ya pini hayajawahi kumridhisha mtu. Nimeyaandika hapa. Atakayeniuliza tena nitamnyooshea simu asome mwenyewe.

Bendi yenyewe ni ipi?

Jina silitaji. Wawili kati yao ni majirani zangu, mmoja namshonea mashati ya jukwaani, na nitakayoyasema humu si yote sifa. Anayewajua atawatambua tukifika kwenye zeze.

Wako watano: mpiga solo, mpiga besi, mpiga dramu, dada mmoja wa ilimba (ile ala ya Wagogo ya ndimi za chuma, hupigwa kwa vidole gumba) na ngoma za ngozi, na mwimbaji ambaye hushika zeze katika nyimbo nne au tano. Hawako chini ya kampuni yoyote. Wanarekodi kwa fedha zao, wanajitangaza wenyewe, na spika wanabeba wenyewe. Wazungu muziki wa namna hii waliuita indi, kwa kulikata neno lao la kujitegemea. Uingereza bendi hizo zilifika mahali zikawa nyingi, na tangu 1980 zikawekewa chati yake ya mauzo. Baadaye neno likageuka jina la mlio: gitaa lenye mkwaruzo, sauti isiyopigwa pasi. Hii yetu ni indi kwa maana zote mbili, na maana ya kwanza ndiyo inayowatesa.

Roki na zeze? Bagamoyo?

Ingekuwa wapi kwingine? Chuo cha Sanaa kilianza hapa 1981, na 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Tamasha lake la kila mwaka limelea watu wa mji huu. Mtoto wa hapa hukua akisikia marimba, ngoma za kila kabila na gitaa la umeme katika wiki moja, wala haoni ajabu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyetoka Dodoma akahamia hapa, aliipeleka ilimba yake hadi Uingereza akarekodi na lebo ya Real World, na mwaka mmoja kabla ya kufariki 2003 ilitoka albamu aliyoifanya na mpiga gitaa Michael Brook. Anayeshangaa leo kuona zeze limekaa jirani na gitaa la umeme amechelewa miaka zaidi ya ishirini.

Nyimbo si zilezile? Husikinai?

Hili ni swali la shangazi yangu, ambaye ana kaseti ya Shakila anayoisikiliza tangu mimi sijazaliwa. Namjibu: shangazi, tuheshimiane. Anacheka, halafu anauliza tena.

Jibu lenyewe ni hili. Ijumaa masikio yangu yana kazi nyingi mno. Nataka kusikia maneno. Nataka kujua kibao kipya ni kipi na cha zamani kipi kimeachwa. Nataka kuona kama kola niliyoishona imekaa. Katika hali hiyo ninachosikia ni mwimbaji tu, na nyuma yake kelele tamu. Watu wengi huishia hapo, wanarudi nyumbani wakisema shoo ilikuwa nzuri, na si waongo.

Jumamosi maneno ninayo tayari. Namwacha mwimbaji aende zake, namfuata mmoja wa wengine. Mwaka juzi nilimfuata mpiga besi siku nzima ya pili. Kuna wimbo wao mmoja wa taratibu ambao siku zote niliamini solo ndiye anayeugeuza pale katikati, unapoacha huzuni na kuanza kutembea. Kumbe sivyo. Besi ndiye anayeanza, mapigo mawili kabla ya wote, tena kwa noti moja tu iliyoteremka, na kidevu chake kinainuka kidogo kumwelekea dramu. Solo anafuata kama aliyeitwa. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo huo kwenye simu mara zisizohesabika kabla ya siku hiyo, na sikusikia kitu. Sasa noti ile siwezi kutoisikia.

Jumapili ndiyo ya wao kwa wao. Wameshachoka, wameshazoeana tena, waliotoka Dar wameshaondoka, na wanaanza kufanyiana mizaha humo humo ndani ya nyimbo. Dada wa ilimba huchomeka kipande cha wimbo mwingine kuona nani atacheka kwanza.

Halafu kuna kile kibao kisicho na mwisho. Ni wimbo wa mtu anayesubiri jahazi la ndugu yake ufukoni, hawajaurekodi, na sababu ya kutourekodi ni kwamba hawajakubaliana unaishaje. Mwimbaji anataka uishe ghafla. Mpiga solo anataka ufifie polepole, gitaa libaki peke yake. Dramu hana maoni, ila mikono yake haisikii la mtu. Kwa hiyo kila siku unaisha vyake. Niliusikia kwa mara ya kwanza Ijumaa moja ukakatika kama uzi, watu wakapiga makofi wakidhani umeme umekwenda. Jumamosi yake ukafifia kwa dakika nzima nzima hadi tukasikia mawimbi. Jumapili waliupiga mwisho mara mbili, yaani waliumaliza, wakatazamana, wakauanza tena pale katikati wakaumaliza kwa namna nyingine. Aliyekuja Ijumaa tu ana wimbo mmoja, mimi nina tatu. Na nimelipia tatu, msinionee wivu.

Ukiacha mizaha yao, kuna kinachobadilika kweli, au ni mapenzi yako tu?

Kinabadilika. Mengine si hiari yao.

Anza na ngozi. Ngoma ya ngozi hunywa unyevu, na usiku wa pwani ni unyevu mtupu. Ngozi ikilowa inalegea, na sauti inashuka, inakuwa ya kubwata. Ndiyo maana utaona nyuma ya jukwaa wamewasha moto mdogo, na dada yule anakwenda kuzikanza ngoma zake kati ya kipindi cha kwanza na cha pili. Ijumaa moja moto ulichelewa kuwaka, na nyimbo tatu nzima zilipigwa na ngoma yenye mafua.

Nyuzi za gitaa nazo zina umri wake. Zikiwa mpya zinang'aa hata kwa sauti. Jasho na chumvi ya hewa huziua haraka, na Jumapili mlio umeshakuwa wa kiza kidogo. Mpiga solo wetu hana fedha ya kubadilisha seti nzima kila siku. Nilimwonea huruma zamani; sasa naona mlio wa Jumapili ndio unaomfaa.

Koo la mwimbaji halina nyuzi za kununua. Ukiimba kwa nguvu saa mbili, nyuzi za sauti huvimba, na usingizi wa saa nne hauziponyi. Siku ya tatu sauti yake ni nzito na ina mikwaruzo, kwa hiyo wanaziteremsha nyimbo mbili za juu. Shida ni ilimba. Gitaa unakaza na kulegeza papo hapo, lakini ulimi wa chuma wa ilimba umetulizwa mahali pake, na kuupandisha au kuushusha si kazi ya kufanya watu wamesimama wanasubiri. Basi nyimbo hizo mbili Jumapili dada huweka ilimba chini, akashika ngoma, na wimbo unageuka mwingine kabisa.

Na kuna upepo. Jukwaa huipa bahari mgongo, spika zinatazama bara. Mwanzoni mwa usiku bado kuna upepo wa baharini, unatoka nyuma ya bendi na kutuletea sauti hadi mwisho wa uwanja. Usiku ukikua, nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, na umande, yaani upepo wa nchi kavu, unaanza kuvuma kwenda baharini. Wavuvi wa hapa wanaujua, ndio unaowatoa alfajiri. Sauti inayokwenda kinyume na upepo hupinda kuelekea juu, inawapita walio nyuma vichwani. Wanalalamika kwamba fundi mitambo amepunguza. Hajagusa kitu. Kuanzia saa tano usiku, sogea mbele.

Fundi mitambo mwenyewe anastahili neno. Ijumaa anapambana na uwanja asioujua. Besi inavuma, maiki inapiga yowe. Jumamosi anajua wapi pa kupunguza. Kama unakwenda kwa ajili ya usafi wa sauti, Ijumaa usije.

Wapo wengine duniani wanaofanya hivi, au ni nyinyi tu?

Wapo wengi, na wametuzidi mbali. Yo La Tengo, bendi ya indi ya Hoboken, New Jersey, ilianza 2001 kupiga usiku zote nane za Hanukkah, sikukuu ya Kiyahudi, kwenye ukumbi mdogo wa mji wao ulioitwa Maxwell's. Kila siku orodha yake, kila siku wageni wake wasiotangazwa kabla. Ukumbi ulifungwa 2013, na baada ya kimya cha miaka michache desturi ikahamia New York. Wilco walikaa siku tano Chicago mwaka 2008, wakagawa nyimbo za albamu zao zote katika siku hizo tano. Phish, mwaka 2017, walipiga siku kumi na tatu Madison Square Garden bila kurudia wimbo hata mmoja. Hao wa mwisho si indi, na muziki wao kusema kweli haunikai, lakini kwa hesabu hiyo navua kilemba.

Wala jambo lenyewe si geni kwetu. Waulizeni wazee waliocheza dansi Dar. Msondo, iliyoanza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, na Sikinde, iliyoanza 1978, zilikuwa na kumbi zake na siku zake kila wiki, na mpenzi wa kweli alizifuata kutoka ukumbi hadi ukumbi. Wimbo mpya ulipigwa ukumbini kwanza. Watu wakiucheza, unabaki. Wakienda kuketi, unarekebishwa. Ukifika Radio Tanzania kurekodiwa ulikuwa umeshafuliwa na kuanikwa. Mjomba wangu anasema kuna nyimbo alizisikia ukumbini zikiwa na beti ambazo redioni hazikufika, na huziimba mpaka leo kututambia.

Nina fedha ya siku moja tu. Nije ipi?

Jumapili.

Najua umetarajia Jumamosi. Jumamosi ina watu wengi na nusu yao wamekuja kupiga picha na kuzungumza. Kama unataka kusema ulikuwepo, njoo Jumamosi.

Natoka Dar. Nafikaje, na nalala wapi?

Magari ya Bagamoyo yanaanzia Makumbusho. Yanapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, ndiyo hao mmefika. Si mbali kwa kilomita; umbali ni foleni ya kutoka Dar, hasa Ijumaa jioni. Ondoka mchana. Ukitoka kazini saa kumi na moja utafika kipindi cha kwanza kimekwisha, na utanilaumu mimi.

Kurudi usiku uleule msijaribu kwa gari la abiria. Shoo inaisha baada ya saa sita. Kuna nyumba za wageni za kila bei, kuanzia za mjini hadi za ufukweni. Piga simu kabla, na ukifika hakikisha chumba kwa macho yako ndipo utoe fedha. Rafiki yangu mmoja alilipia siku mbili kwenye nyumba moja mjini, akarudi saa saba usiku akakuta mtu mwingine amelala chumbani mwake, na mhudumu anasema hamjui rafiki yangu. Alimalizia usiku kwenye mkeka wangu, kati ya cherehani na ndoo.

Mchana wa Jumamosi utauliza ufanye nini. Ngome Kongwe, Caravan Serai, magofu ya Kaole, Mission ya Wakatoliki ya 1868. Mimi nashauri ulale. Saa kumi uamke uende soko la samaki ule pweza, kisha uoge.

Siku tatu zinakula kiasi gani?

Kiingilio ni shilingi 10,000 kwa siku. Zamani nilikuwa nalipa 30,000 kamili kama mgeni, ndipo siku moja nikamwambia kijana wa getini kwamba mashati anayoyaona jukwaani nimeyakatia mimi kitambaa. Tangu hapo kuna bei ya 20,000 kwa anayechukua zote tatu, na si yangu peke yangu, iulizie, hawaitangazi. Juu yake weka bodaboda ya kurudi, maji, mishikaki, na kitu cha mkononi kwa ajili ya fulana zao au nyimbo. Kwa hesabu yangu ni magauni mawili ya kitenge na mfuko wa suruali.

Nunua kitu kutoka kwao hapohapo. Bendi isiyo na kampuni haina anayeilipia mafuta ya jenereta.

Masikio hayaharibiki?

Yanaharibika, na hapa sitanii. Kipimo cha kelele ni desibeli. Kanuni inayotumika kwa wafanyakazi wa viwandani inasema desibeli 85 unaweza kuzivumilia saa nane, na kila zikipanda tatu muda unakatika nusu: 88 saa nne, 91 saa mbili, ukifika 100 ni robo saa tu. Mbele ya spika 100 zinafikiwa bila taabu. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama siku zote tatu kifuani mwa spika ya kulia. Jumatatu nilisikia mlio mwembamba kama wa mbu, na mteja alipouliza nguo yake nilimjibu habari ya kaka yake. Mlio ulikwisha Alhamisi. Nilibahatika.

Tatizo la siku mfululizo ni kwamba sikio halipati mapumziko. Ukiondoka Ijumaa linavuma, Jumamosi unaliongezea kabla halijapoa. Nunua vizibo vya sponji duka la dawa. Unavisokota, unaliinua sikio kwa juu, unaingiza, unasubiri vivimbe. Kelele zitapungua, na muziki bado utausikia. Pamba usitumie, haizuii vya kutosha. Kati ya vipindi nenda ufukoni robo saa ukasikilize maji.

Nirekodi kwa simu?

Wimbo mmoja, kwa ajili yako, kisha iweke mfukoni. Kuna bendi zilizowaachia mashabiki warekodi; Grateful Dead wa Marekani walifika mahali wakawatengea eneo lao la kuweka maiki. Ila ni bendi ndiyo iliyoruhusu. Hapa hakimiliki ina sheria yake tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo, lakini mimi siwatishi watu kwa sheria. Nasema hivi tu: kile kibao cha jahazi kilishawahi kuvuja kikiwa na mwisho mbaya kuliko wote, ule wa Ijumaa ya kukatika, na kwa miezi watu waliwauliza kwa nini wimbo wao umekatwa. Mwimbaji alikaribia kuuacha.

Nikifurahi, naruhusiwa kutunza?

Mashabiki wa taarabu wananiuliza hili sana. Taarabuni unanyanyuka, unakwenda kwa madaha, unaweka noti, unarudi ukicheza, na mwimbaji anakuongezea shairi. Ni adabu na ni raha. Kwenye roki mazoea hayo hayapo, ila bendi hii ni ya Bagamoyo, hawatakukatalia. Angalia tu unamtunza nani na lini. Shangazi yangu, ndiyo, huyohuyo wa kukinai, nilimleta Jumapili moja. Wimbo wa tatu akainuka na noti yake ya elfu tano, akamkuta mpiga solo amefumba macho, akaichomeka kwenye nyuzi za gitaa. Mlio uliotoka hapo sijausikia tena, na watu wa mbele walishangilia wakidhani ni ufundi. Weka noti kwa mwimbaji au kwenye boksi lililo miguuni pa dramu.

Dada, mwanamke naye anakwendaje peke yake usiku?

Haendi peke yake. Sisi tuko wanne: mimi, wenzangu wawili wa saluni ya jirani, na mke wa mpiga besi ambaye ana sababu zake za kuhudhuria zote tatu. Tunakwenda pamoja na tunarudi pamoja, kwa bajaji ya kijana tunayemjua na namba yake ninayo. Anatusubiri. Tunasimama karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kuwa hapo ndipo sauti ilipo sawa, tena pana mwanga, na walevi wanaogopa kumwaga kitu juu ya mashine. Atakayekuja pekee, atafute kundi letu. Utatujua kwa vitenge.

Kuhusu maneno ya mtaa: yatasemwa siku ya kwanza. Siku ya tatu watakuwa wamechoka wao.

Naweza kuja na watoto?

Usiku hapana. Lakini jioni saa kumi na moja wanapima sauti, geti liko wazi, hakuna anayekutoza. Mwanangu amezisikia nyimbo zote kwa njia hiyo, vipandevipande, na huziimba hivyohivyo, zimekatwakatwa.

Mvua ikinyesha?

Uwanja hauna paa. Wakati wa masika hawaji kabisa. Wakija miezi ya vuli, beba kanga mbili na mfuko wa nailoni wa simu. Manyunyu hayawazuii, mvua kubwa wanafunika mitambo kwa turubai na kusubiri. Mara moja walisubiri saa nzima, dada wa ilimba akatoka akakaa ukingoni mwa jukwaa, akapiga bila maiki watu wamemzunguka na miavuli. Waliokuja Jumamosi ile pekee wanadhani ndivyo bendi ilivyo, ya mtu mmoja.

Jumatatu unafunguaje kazi?

Saa nne badala ya saa mbili. Sikati kitambaa cha mtu kabla ya adhuhuri. Natia vifungo na kupinda mapindo tu. Nguo ya harusi usiniletee wiki hiyo.

Na kile kibao, kimepata mwisho?

Mara ya mwisho walipokuja, Ijumaa waliuacha kabisa, hawakuupiga. Jumamosi ukakatika ghafla, mwimbaji ameshinda. Jumapili walifika pale pa kukatia, solo akaendelea. Mwimbaji akamtazama. Besi akamfuata solo, dada naye akaingia, na mpiga dramu akaweka fimbo chini akaenda kunywa maji. Mwimbaji alisimama pale na zeze mkononi kama aliyeachwa na gari, kisha akaanza kulisugua zeze polepole, kinyume kabisa na alivyotaka siku zote. Wakaenda hivyo, wanne, hadi dramu aliporudi na kupiga pigo moja. Wote wakanyamaza.

Ndani ya bajaji tuligombana kama huo ndio mwisho au ni ajali. Mke wa mpiga besi alisema ni ajali, mumewe kamwambia. Mpiga solo alipokuja kuchukua shati alisema walipanga. Wanarudi mwezi ujao. Bei ya siku tatu iulizie getini.